Chungu Kikipanda Jukwaani

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wenzangu, wanafunzi, ndugu wageni. Na nyinyi mama zangu mliokuja na vyungu vyenu vimefungwa nyasi, mkavishusha wenyewe pale getini kwa kuwa hamkumwamini kijana yeyote wa hapa kuvibeba: shikamooni.

Nimepewa nusu saa nizungumzie ufinyanzi na ubunifu wa Afrika wa siku hizi, huu ambao sasa unapewa nafasi katika maonyesho makubwa ya London, New York na Cape Town. Mratibu aliniomba nisiingize siasa. Nitajitahidi. Ila chungu hakitoki jikoni kikapanda jukwaani, kikamulikwa taa, kikaandikiwa kadi na bei, bila mambo mengi kupita katikati, na hayo ya katikati ndiyo yaliyonileta.

Wahenga walituachia methali: mfinyanzi hulia gaeni, yaani hula chakula chake katika kipande cha chungu kilichovunjika. Tumezoea kuitumia kwa kumcheka fundi, kwamba anawafinyangia watu vyombo na yeye mwenyewe hana. Mimi huisikia kama taarifa ya hesabu. Chungu kizima ni bidhaa, kinakwenda sokoni. Kilichopasuka motoni hakina mnunuzi, kinabaki nyumbani. Mfinyanzi anajua anachofanya: anakula penye hasara ili penye faida pauzwe. Basi nikiingia katika maonyesho yoyote ya ufinyanzi, haya ya leo yakiwemo, swali langu la kwanza halihusu uzuri. Najiuliza jina la nani limeandikwa kwenye kadi, na gae limebaki kwa nani.

Twende Nigeria kwanza, maana huko mambo haya yalitokea mapema na yakaandikwa vizuri.

Ladi Kwali alizaliwa karibu mwaka 1925 katika kijiji cha Kwali, kwa Wagbari. Shangazi yake ndiye aliyemfundisha kufinyanga. Hakutumia gurudumu. Alilitengeneza tako la chungu kwa kulitandaza bonge la udongo kwa mkono, kisha akapandisha kuta kwa misokoto ya udongo, msokoto juu ya msokoto, huku akikizunguka chungu kinyumenyume. Chungu kilitulia, aliyezunguka alikuwa yeye. Kikishasimama, alichora kwa ncha mijusi, nge, nyoka na mamba. Vyungu vyake vilipendwa hadi vikafika ndani ya nyumba ya Emir, mtawala wa jadi, wa Abuja, na humo ndimo Mwingereza mmoja mfinyanzi, Michael Cardew, alimoviona mwaka 1950.

Cardew alikuwa ameajiriwa na serikali ya kikoloni kama afisa wa ufinyanzi. Mwaka 1952 akafungua kituo cha mafunzo palepale Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja kwa sababu jina la Abuja lilihamishiwa makao makuu mapya ya nchi. Sasa sikilizeni. Katika eneo ambalo vyungu vilifinyangwa na wanawake, ilipofunguliwa shule ya kufinyanga, wanafunzi wa mwanzo walikuwa wanaume. Ladi Kwali aliingia mwaka 1954, mwanamke wa kwanza. Kazi ilikuwa ya mama na bibi, cheti kikaenda kwa kaka. Sitaji sekta nyingine ambazo mambo yalikwenda hivyo hivyo, mnazijua.

Pale kituoni alifundishwa gurudumu na alifundishwa gilezi, ule utando wa kioo unaoyeyukia juu ya udongo ndani ya tanuri. Alivijua vyote viwili. Lakini kazi zilizompa sifa ni mitungi mikubwa aliyoendelea kuifinyanga kwa mkono, kwa namna ya kwao, akaijaza michoro yake kwa uji mweupe wa udongo, kisha ikapakwa gilezi na kuchomwa katika tanuri la kuni kwa joto la karibu nyuzi 1,300 za Selsiasi. Moto wa wazi wa kijijini, wa nyasi na kuni, kwa kawaida haufiki hata 1,000.

Hapo pana jambo ambalo kadi za maonyesho hulipita kimya kimya. Mtungi uliochomwa kwa moto wa kijijini una vinyweleo. Maji hupenya kidogo kidogo mpaka nje, upepo huyakausha, na yaliyobaki ndani hupoa. Mama yeyote wa Dodoma analijua hilo bila kusomeshwa fizikia. Gilezi huziba vile vinyweleo. Kwa hiyo mtungi wa Ladi Kwali uliotoka katika tanuri la Abuja haupoozi maji. Una bega la mtungi, shingo ya mtungi, mijusi na nge wa mtungi, na kazi ya mtungi haimo. Ulifinyangwa ili utazamwe, na walioutazama walikuwa London, katika maonyesho ya Berkeley Galleries ya mwaka 1958, kisha 1959, kisha 1962.

Wako wasomi wanaolalamika kwamba Cardew aliiharibu sanaa ya Wagbari kwa kuitia gilezi na kuisafirisha. Ninaelewa kinachowaudhi, ila sikubaliani nao sana. Mwanamke yule alipata mshahara. Alisafiri. Malkia wa Uingereza alimpa nishani ya MBE mwaka 1962, Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kikampa udaktari wa heshima mwaka 1977, na leo, miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1984, yuko nyuma ya noti ya naira 20 akiwa kazini. Zaidi ya hayo yote, pindueni chungu chake mkitazame chini: kuna mhuri wa kituo, na kuna mhuri mdogo wa herufi mbili, LK. Shangazi yake hakuwa na mhuri. Vyungu vya shangazi, kama vipo katika makumbusho yoyote ya Ulaya, vimeandikwa kabila na mahali, basi.

Mwaka 2022 palifanyika maonyesho London, katika jumba la Two Temple Place, yaliyoandaliwa na msomi Jareh Das kwa jina la Body Vessel Clay. Yaliweka vyungu vya Ladi Kwali pamoja na vya mwenzake wa kituoni, Halima Audu, na kando yao kazi za wasanii vijana wa kike weusi wa leo. Nilichokipenda ni kumtoa Ladi Kwali katika upweke wa kuwa mwanamke mmoja wa ajabu. Abuja walikuwepo pia Asibi Ido na Kande Ushafa, na walikuwa na mikono. Maonyesho yanapenda shujaa mmoja kwa sababu ni rahisi kumtangaza. Ufinyanzi wa kwetu haujawahi kuwa kazi ya mtu mmoja. Kuchimba udongo ni safari ya watu, kuchoma ni siku ya watu.

Kutoka hapo mstari unakuja moja kwa moja Afrika Mashariki, japo ulizunguka kwanza.

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Mwaka 1971 alikwenda Uingereza kusomea usanifu wa machapisho na matangazo, na huko ndiko alikokutana na udongo. Akafahamiana na Cardew, aliyekuwa amesharudi kwao, na katikati ya miaka ya 1970 akaenda kujifunza Abuja kwa Ladi Kwali na wenzake. Tazameni njia hiyo: binti wa Nairobi anapitia Uingereza ili afike kwa mwalimu wake Nigeria. Ramani ya sanaa yetu bado imechorwa hivyo. Hadi leo ni rahisi zaidi kwa mwanafunzi wangu kupata nafasi ya mafunzo Ulaya kuliko Ilesi kule Kakamega, Kenya, ambako wafinyanzi wako kando ya barabara wanauza.

Odundo hakuchukua gilezi. Alichukua mkono. Hufinyanga kwa misokoto, hukwangua kuta mpaka ziwe nyembamba, hupaka uji mwepesi wa udongo ulioteuliwa, kisha husugua na kusugua tena mpaka pang'ae. Akikichoma mara ya kwanza kwa moto wenye hewa ya kutosha, chungu hutoka na wekundu wa machungwa. Akikirudisha motoni akakinyima hewa, na vitu vya kufuka moshi vikiwa humo pamoja nacho, hutoka cheusi. Udongo ni uleule. Hakuna rangi iliyopakwa, ni hewa tu imeachwa au imezuiwa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mnaokimbilia kuniuliza rangi nyeusi inanunuliwa wapi, jibu ndilo hilo.

Na ujuzi huo si wake peke yake, wala hajawahi kudai hivyo. Wafinyanzi wa Kizulu huufanya ukhamba, chungu chao cha pombe, kuwa mweusi kwa moto wa pili, kisha huusugua kwa mafuta. Nesta Nala wa bonde la mto Thukela, aliyefariki mwaka 2005, alifundishwa na mama yake, naye akawafundisha binti zake, na vyungu vyao viko katika makumbusho mengi. Tofauti ni kwamba ukhamba bado unanywewa pombe. Cha Odundo hakinywewi kitu.

Minada ya London imeviuza vyungu vya Odundo kwa mamia ya maelfu ya pauni kimoja. Mwaka 2020 alipewa cheo cha heshima cha Uingereza cha Dame, na kazi zake ziko British Museum. Watu huniuliza kwa hasira kidogo: mwalimu, chungu kisichotekewa maji kinauzwaje bei ya nyumba ya Mikocheni? Kuna majibu ya ufundi, kwamba anatoa kazi chache na ukuta mwembamba vile hauvumilii kosa. Lakini jibu kubwa ni karatasi. Kila chungu chake kina mwaka, kina picha, kina kumbukumbu ya kilikoonyeshwa na nani alikinunua. Mwaka 2019 jumba la Hepworth Wakefield lilipanga kazi zake za miongo kadhaa pamoja na vitu vya kale vya mataifa mbalimbali vilivyomfundisha kuona. Anayenunua hanunui udongo. Ananunua maisha yaliyoandikwa bila pengo. Tunawaambia watoto kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara hii methali hiyo imetuponza. Kizuri hutembezwa, tena hutembezwa kwa gharama, na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Wenzetu wa Afrika Kusini wamelielewa hilo mapema kuliko sisi. Andile Dyalvane na Zizipho Poswa, wote wa jimbo la Rasi ya Mashariki, walianzisha karakana ya Imiso mjini Cape Town mwaka 2005. Kwa miaka walifinyanga bakuli na vikombe vya kuuza, kazi ya kulipa kodi ya pango. Upande wa pili, tangu mwaka 2008, kulikuwa na jumba la Southern Guild lililojipa kazi ya kuuza ubunifu wa Afrika kama watu wanavyouza uchoraji: kazi chache, kubwa, zenye tarehe na saini, zikipelekwa kwenye maonyesho ya nje. Mafundi wawili na dalali mzuri. Ndiyo, dalali. Neno hili lina harufu mbaya kwetu, lakini mfinyanzi asiye na dalali mwaminifu hukutana na dalali mwizi.

Poswa alisomea ubunifu wa vitambaa, na ukiangalia rangi zake utaona. Mfululizo wake wa kwanza mkubwa, Umthwalo, unatokana na wanawake wa vijijini wanaobeba kuni na maji kichwani. Chini ni mwili wa chungu, juu yake mzigo. Baadaye akafanya iLobola, mahari, ambapo vyungu vimevishwa pembe za ng'ombe za shaba nyeusi. Vitu hivi ni virefu, vingine vinampita mtu mzima, na huwezi kuvifanya bila tanuri la kuvitosha na umeme wa kuliendesha. Hapo ndipo mazungumzo yetu kuhusu vipaji huwa ya uongo kidogo. Vipaji tunavyo. Tuulizeni tuna matanuri mangapi.

Dyalvane mwaka 2020 alifanya jambo ambalo ningependa kila mratibu wa maonyesho alifikirie. Alifinyanga viti vya kauri, kila kimoja kimejengwa juu ya alama aliyoibuni mwenyewe kutokana na maneno na mambo ya Kixhosa, akauita mkusanyiko huo iThongo. Kabla ya wanunuzi wa Cape Town kuviona, alivipakia akavipeleka Ngobozana, kijiji alichozaliwa, akavipanga kwenye duara, wazee na jirani wakakaa juu yake. Wakakaa! Kiti kilichotengwa kwa ajili ya jumba la sanaa kikakaliwa kwanza na mtu mwenye haki ya kusema kinauma mgongo. Baada ya hapo ndipo kikasafiri. Mimi sijui kipimo kingine cha maonyesho ya ubunifu wa Kiafrika kinachozidi hicho.

Linganisheni na namna ubunifu wetu unavyosifiwa mara nyingi. Mwaka 2015 makumbusho ya Vitra, kule Ujerumani, yaliandaa Making Africa, Okwui Enwezor, mratibu wa maonyesho mzaliwa wa Nigeria, akiwa mshauri, na miwani ya Cyrus Kabiru wa Nairobi, iliyoundwa kwa vyuma chakavu na nyaya, ikawa miongoni mwa vitu vilivyopigwa picha sana. Miwani ile ni kazi nzuri, sina neno nayo. Ila tangu hapo nimesoma makala nyingi mno zinazomsifu Mwafrika kwa kutengeneza kitu kutokana na takataka, kana kwamba kutengeneza kitu kutokana na malighafi safi ni ubunifu wa watu wengine. Udongo unaikataa sifa hiyo. Udongo huchaguliwa, hupepetwa, huchanganywa na mchanga au unga wa vigae ili usipasuke, huachwa ulale. Hakuna cha kubahatisha.

Sasa nigeukie kwetu pwani, kwa sababu sisi tuna deni la zamani katika jambo hili.

Watu wa pwani tulikuwa na maonyesho ya kauri kabla ya makumbusho kuvumbuliwa. Nendeni Lamu, mwingie nyumba za mawe za karne ya 18, mtaona ukuta mzima umechongwa zidaka za chokaa, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, na ndani yake zilipangwa sahani na bakuli kutoka China na nchi nyingine za ng'ambo. Nendeni Kunduchi, hapa hapa Dar es Salaam, kwenye makaburi ya zamani, mtaona mahali bakuli za kaure, ule udongo mweupe laini wa China, zilipokuwa zimepachikwa katika nguzo na kuta. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mortimer Wheeler alipita pwani hii, akaona vigae vya kaure vya kujaza koleo kati ya Dar es Salaam na visiwa vya Kilwa, akasema kwamba kuanzia karne ya 10 historia iliyofukiwa ya Tanganyika imeandikwa kwa kaure ya China.

Kauli ile ilipendwa sana. Shida yake ni kwamba mtu yeyote aliyekaa na kuhesabu vigae vya miji ya Waswahili atakwambia kaure ya kigeni ni sehemu ndogo tu ya vilivyochimbuliwa. Vingi, vingi kabisa, ni vyungu vya hapa: vya kupikia, vya maji, vya kufukizia ubani. Na miongoni mwa hivyo kuna vile vya karne ya 7 hadi ya 10, vyenye michoro ya pembetatu iliyochanjwa shingoni, ambavyo vimeokotwa kutoka visiwa vya Lamu hadi Msumbiji na Komoro. Pwani nzima, kilomita zaidi ya elfu mbili, wanawake wakichanja pembetatu zinazofanana kabla ya msikiti wa kwanza wa mawe. Kama kuna kitu kinachostahili kuitwa ubunifu wa Waswahili, anzieni hapo. Lakini kilichowekwa kidakani kilikuwa cha mgeni, na cha mama kikabaki mekoni. Mzungu alipokuja na makumbusho yake aliendeleza mpangilio ambao sisi wenyewe tulikuwa tumeshauanza. Kwa hiyo tunapomlaumu yeye kwa kutojali wafinyanzi wetu, tupunguze sauti kidogo.

Nina malalamiko mengine, haya ni ya upande wa pili wa ukumbi. Nimezunguka meza zote leo asubuhi na sikuona jiko.

Kitu cha udongo cha Afrika Mashariki kilichofika mbali kuliko chungu cha Odundo ni jiko la mkaa lenye kikombe cha udongo ndani. Lilizaliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wataalamu walikuwa wameliona jiko la ndoo la Thailand, wakaleta wazo, mafundi wa jua kali, wale wa karakana za wazi, wa Nairobi wakaligeuza. Lililotangulia lilikuwa la bati tupu, linapasha moto miguu ya mpishi kuliko sufuria. Tatizo la kuweka udongo ndani ya bati ni kwamba moto ukiwaka bati hutanuka kwa kasi yake na udongo kwa kasi yake, na kinachopasuka ni udongo. Suluhisho likawa umbo: bati likapewa kiuno, pana juu, jembamba katikati, pana chini. Kikombe cha udongo kikakaa nusu ya juu tu, kikishikwa na ule mteremko na kugandishwa kwa saruji iliyochanganywa na madini mepesi ya kuzuia joto, na nusu ya chini ikaachiwa majivu. Kiuno hicho ndicho ubunifu wenyewe. Jiko hilo hutumia mkaa kidogo kuliko lile la bati, kwa kiasi ambacho mama wa nyumbani anakiona mfukoni bila kupima. Likavuka mipaka likaja Tanzania, Uganda, Rwanda, Ethiopia, likafika mpaka Senegal, kila mahali likapewa jina jipya.

Halina saini. Hakuna mnada utakaoliuza. Na hapa hoja yangu ya majina inapata mtihani, nakiri kwamba bado unanisumbua: jiko lilisambaa kwa sababu halikuwa la mtu. Fundi yeyote wa Kamukunji ya Nairobi au Keko ya Dar es Salaam angeweza kulipima kwa jicho na kulikata. Lingekuwa na mhuri na wakili, pengine leo lingekuwa kwenye jukwaa jeupe na mama zetu wangekuwa bado wanaungua miguu. Lakini kukosa jina kulileta pia vikombe vilivyochomwa nusu, vinavyopasuka kabla ya mwezi kuisha, na mnunuzi hana wa kumlaumu. Mfinyanzi anayechoma kikombe vizuri analipwa sawa na anayelipua. Kwa hiyo simtaki mtu amiliki umbo la jiko. Nataka kikombe kiwe na alama ya aliyekichoma.

Ndiyo maana naona yafaa nimalize kwa kadi, kadi hizi ndogo zilizobandikwa mezani. Naomba radhi kwa waliozichapa usiku. Kwa kazi za wanafunzi zimeandika jina, mwaka, jina la kazi. Vyema. Kwa meza ya kushoto zimeandika "Vyungu vya asili, Ziwa Nyasa". Ziwa halifinyangi. Vyungu vile vimetoka rasi ya Ikombe, kwa Wakisi, ambao hupakia vyungu kwenye mitumbwi na kuvivusha hadi gulio la Lyulilo karibu na Matema, na kutoka hapo vinapanda magari kwenda Kyela, Tukuyu, Mbeya. Watu wa Mbeya wakikitazama wanakijua cha Mkisi kwa wembamba wake. Waliovifinyanga wamekaa humu ndani, wana majina, na mmoja wao ameniambia asubuhi kwamba cha tatu kutoka mwisho si chake ni cha wifi yake, na hataki kusifiwa kwa kazi ya wifi. Huyo anajua umiliki wa kazi ya sanaa kuliko mimi. Wanafunzi wawili wachukue kalamu sasa hivi, wakati maswali yanaendelea, wapite meza ile na kuandika upya kila kadi: jina la mfinyanzi kama yeye mwenyewe anavyotaka liandikwe, udongo ulichimbwa wapi, chungu kilichomwa kwa kutumia nini, na bei aliyoitaja yeye, siyo niliyoisikia ikitajwa kwenye chai.

Na wewe utakayenunua chungu cha kupikia leo, usikifikishe motoni kikiwa kikavu. Kiloweke usiku kucha, kisha kichemshie uji mwembamba kwa moto mdogo, wanga uingie kwenye vinyweleo, ukiache kipoe polepole. Sabuni usikitie kamwe. Mtungi wa maji usiufanyie hayo hata kidogo, uache uvuje jasho. Kwa kila sehemu kuna namna yake, kwa hiyo muulize aliyekifinyanga, na maelezo yake yakipishana na yangu, fuata yake.

Maswali sasa. Naomba la kwanza litoke meza ya kushoto.